Makaburi Yetu ya Lodwar na Kakuma: Nani Ameandika?

Ramadhani hii wengi wetu tutapita makaburini kuwaombea waliotangulia. Hebu jiulize: kaburi la babu yako walijua? Na cheti chake cha kifo kiko wapi?

Kuzika kwa mpangilio Turkana si jambo la jana. Mwaka 2018 watafiti walitangaza habari za makaburi ya wafugaji wa kale huko Lothagam, karibu na Ziwa Turkana, ya miaka kama 5,000 iliyopita. Walikadiria kuwa hapo wamezikwa watu wasiopungua 580, wakubwa kwa watoto. Mapambo yao yapo mpaka leo, lakini hatuna jina hata moja.

Makaburi ya Waislamu ni ya juzi tu. Lodwar ilianza kuwa kituo cha biashara miaka ya 1930, alipofika mfanyabiashara Shah Mohamed kutoka Kitale. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, ikapokea waliokimbia vita Sudan, Somalia na Ethiopia. Mwaka 2002 wakaletwa Wabantu wa Somalia kutoka Dadaab, kisha wengi wakahamia Marekani. Wamekwenda, wameacha wafu wao hapa. Mtoto akirudi kuuliza baba amelala wapi, atakuta tuta limesawazishwa na upepo, na mzee aliyechimba keshafariki.

Sisi huharakisha maziko, na hiyo ni Sunna. Lakini sheria ya Kenya, Sura ya 149, inataka kila kifo kiandikishwe. Aliyefia nyumbani, habari zipelekwe kwa naibu chifu. Aliyefia hospitali, hospitali huandika. Hapo hupatikana kibali cha mazishi, kisha cheti kwa msajili. Miezi sita ikipita, usajili huwa wa kuchelewa na usumbufu huzidi. Bila cheti mjane hukwama benki, mirathi husimama, na anayeumia ni yatima.

Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe kwenye kaburi la Uthman bin Madh'un apate kulitambua. Na alipomkosa mtu aliyekuwa akifagia msikiti, aliuliza, akaambiwa amekufa, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamswalia. Kujenga juu ya kaburi kumekatazwa, na kuliandika pia kumepokewa katazo. Lakini kuandika daftarini nani kakataza?

Basi vijana, kazi ni yetu. Kila msikiti uwe na daftari: jina la marehemu na la babake, tarehe, namba ya kibali, na safu ya kaburi ukihesabu kutoka langoni. Anayetafuta wa zamani aanze kwa wazee wa msikiti na wachimbaji, aende kwenye rejista za hospitali, kisha ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Wakimbizi waulize pia UNHCR na Idara ya Huduma za Wakimbizi.

Ijumaa hii, baada ya swala, kaa na mzee mmoja ukiwa na kalamu mkononi. Wabillahi tawfiq.