Kikuba

Bara neno hili halisikiki sana, kwa kuwa kitu chenyewe ni cha pwani. Kikuba (wingi, vikuba) ni kifurushi kidogo cha maua na majani yanayonukia, ambacho mwanamke wa Lamu, Mombasa au Unguja hukibana kwa pini kifuani. Ndani mna asumini, rehani, vipande vya ua la mkadi, na pengine waridi au langilangi.

Hufungwa jioni, na si kwa desturi tu. Matumba ya asumini hufunguka jua likizama, ndipo harufu inapopanda. Basi kikuba ni pambo la usiku, la harusini na la chumbani. Asumini hizo hizo hutandazwa kitandani mwa maharusi. Kufikia asubuhi zimenyauka, na hakuna anayesikitika.

Kisichanganywe na shada. Shada la maua hupewa mgeni rasmi uwanja wa ndege au huwekwa kaburini. Kazi yake ni kutazamwa. Kikuba hunuswa. Ndiyo maana mkadi, ambao kwa macho yangu hauna sura ya kusifiwa, una heshima kubwa hapa kuliko maua mengi ya bustanini.

Viungo vya kikuba vimetoka mbali kwa majina: asumini ni Kiajemi kilichopitia Kiarabu, waridi ni Kiarabu, langilangi ni la Ufilipino, ingawa leo mafuta ya ua hilo hutengenezwa jirani tu, visiwani Komoro, kwa ajili ya watengeneza manukato wa Ulaya.