Nasaba ya Gold Wing: kutoka Japani hadi Ohio na kurudi

Humu tumezoea kuandika nasaba za watu: nani kamzaa nani, nani alipanda jahazi mwaka gani, na nani alibaki nyuma. Wasomaji wataniwia radhi leo nikiandika nasaba ya chombo cha chuma. Gold Wing, pikipiki ya safari ndefu ya kampuni ya Honda, ilitimiza miaka 50 mwaka 2025, na katika miaka hiyo imepita njia ambayo sisi wa familia zilizohama tunaijua: ilizaliwa katika nchi moja kwa ajili ya watu wa nchi nyingine, ikahamia kwa watu hao, ikachukua tabia zao, kisha ikarejea ilikotoka ikiwa imebadilika. Swali linalowagombanisha wapandaji wa zamani na wa sasa ni ipi kati ya hizo ndiyo Gold Wing ya kweli. Mimi si mpandaji. Nimekuwa karani maisha yangu yote, na karani akisikia ugomvi wa asili hufungua faili.

Faili linaanzia mwaka 1969, Honda ilipotoa CB750 yenye silinda nne, pikipiki iliyowatia hofu watengenezaji wa Ulaya. Enzi hiyo haikudumu. Mwaka 1972 Kawasaki ilileta Z1 yenye ujazo wa sentimita 903, na Honda ikajikuta ya pili. Mwaka huohuo kikundi cha mafundi chini ya Shoichiro Irimajiri, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa akibuni injini za mashindano, kilipewa kazi ya kuunda pikipiki isiyo na mpinzani. Walitengeneza ya majaribio, wakaiita M1: silinda sita zilizolala ubavuni, tatu kila upande, ujazo wa sentimita 1,470, injini ikipozwa kwa maji, na nguvu zikipelekwa kwenye gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo. Injini hiyo ilikuwa ndefu mno, hata ikamnyima mpandaji nafasi ya kukaa vizuri. Wakaondoa silinda mbili, na M1 ikawekwa kando. Wasomaji waikumbuke, maana itarudi.

Iliyozaliwa ni GL1000. Ilionyeshwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1974, ikaanza kuuzwa 1975: silinda nne, ujazo wa sentimita 999, nguvu za farasi takriban 80. Tangi la mafuta liliwekwa chini ya kiti ili uzito ukae chini, na pale ambapo jicho hutarajia kuona tangi paliwekwa kasha la vifaa vya umeme, pamoja na mkono wa kiki uliohifadhiwa humo kwa siku ambayo betri itakataa. Haikuwa na kioo cha upepo wala sanduku hata moja la mizigo. Atakayeiona leo bila kuambiwa hatajua kwamba ndiyo babu wa lile jabali linalopita barabarani likipiga muziki.

Kuna jambo ambalo naona halitajwi vya kutosha. Wakati huo watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasiuze ndani ya nchi yao pikipiki inayozidi ujazo wa sentimita 750. Kwa hivyo GL1000 iliundwa na watu ambao majirani zao wasingeweza kwenda dukani kuinunua. Tangu siku ya kwanza ilikuwa mtoto wa ugenini.

Huko ugenini, yaani Marekani, wenyeji hawakuitumia kama ilivyokusudiwa. Mafundi walidhani wameunda chombo cha kasi; Wamarekani waliona chombo cha masafa. Injini tulivu isiyochemka, shafti isiyohitaji kutiwa mafuta kila jioni kama mnyororo, kiti kipana: hayo kwao yalikuwa na maana moja, kwamba mtu anaweza kuondoka asubuhi jimbo moja na kulala jimbo la tatu. Wakaanza kuivisha. Craig Vetter, aliyekuwa na kiwanda katika mji wa Rantoul, Illinois, alikuwa akitengeneza kinga kubwa ya upepo aliyoiita Windjammer, na wapandaji wengi wa GL1000 walikwenda kwake. Wengine waliongeza masanduku ya pembeni, maegemeo ya abiria, redio. Yaani umbo la Gold Wing tunalolijua lilichorwa kwanza na wateja katika mabanda yao, na kampuni ikafuata nyuma ikiandika wanayosema.

Mwaka 1980 ilifuata kweli. GL1100 ilitoka, na moja katika aina zake, Interstate, ilikuja na kinga ya upepo na masanduku kutoka kiwandani. Mwaka huohuo uundaji wa Gold Wing ulihamishiwa Marysville, Ohio. Mwanzoni injini zilikuwa zikiletwa kwa meli kutoka Japani. Mwaka 1985 Honda ikafungua kiwanda cha injini katika mji wa Anna, si mbali na hapo, na injini za Gold Wing zikawa miongoni mwa kazi zake za kwanza. Hapo uhamaji ulikamilika: mwili na moyo vyote vikawa vya Ohio. Jina la aina ya kifahari ya mwaka 1982, Aspencade, lilitokana na mkusanyiko wa wapandaji huko New Mexico. GL1200 ya mwaka 1984 naipita haraka. Ilikuwa chombo kizuri, lakini kazi yake katika nasaba hii ni kuunganisha tu.

Kisha ikaja GL1500, mwaka 1988, na silinda sita za M1 zikarudi baada ya miaka 16, safari hii zikiwa na ujazo wa sentimita 1,520. Hakuna tena chuma kilichoachwa uchi: kila kitu kimefunikwa, kama mtu aliyevaa joho. Ilikuwa nzito kiasi kwamba mafundi waliipa njia ya kurudi nyuma, wakitumia mota ya stata kuisukuma taratibu, kwa sababu mpandaji wa kawaida asingeweza kuitoa kwa miguu katika maegesho yenye mteremko. Waliocheka walicheka. Lakini GL1500 ilidumu sokoni hadi mwaka 2000, miaka 12 bila kubadilishwa umbo lake la msingi, na kwa watu wengi wa rika langu neno Gold Wing humaanisha hiyo.

Hapa niingize mambo ya nyumbani, maana ndiyo yaliyonituma. Mtoto wa ami yangu, hapa Maskati, anayo GL1500 ya miaka ya 1990. Mwanawe anayo ile ya umbo la 2018. Wakikutana barazani, kahawa hupoa. Baba husema, "Hiyo yako ni kompyuta iliyotiwa magurudumu." Kijana hujibu kwa adabu, "Baba, hii yangu ndiyo iliyomfuata babu yake. Yako ilizidi kushiba Marekani." Ugomvi huo una uzito kuliko unavyosikika, kwa sababu baba amefika umri ambao kuinua chombo cha karibu kilo 400 kikilala upande si jambo la mzaha, na watoto wake wanamtaka ama ahamie ile mpya ama aache kupanda.

Ili kuamua ni lazima tumalize faili. Mwaka 2001 ilitoka GL1800, ujazo wa sentimita 1,832, kazi iliyoongozwa na Masanori Aoki, fundi aliyetoka upande wa pikipiki za kasi. Fremu ikawa ya aluminiamu, kabureta zikaondoka na mafuta yakaanza kupulizwa kwa kompyuta, na mikanda ya ndani ya injini, ambayo mwenye GL1500 hana budi kuibadilisha kwa wakati wake, ikachukuliwa nafasi na minyororo. Aina ya mwaka 2006 ilileta mfuko wa hewa wa kumkinga mpandaji anapogonga mbele, jambo ambalo hakuna pikipiki ya kuuzwa madukani iliyokuwa nalo kabla yake. Na hiyo nayo ilikuwa ya Ohio.

Mwaka 2009 Honda ilifunga kazi ya pikipiki Marysville. Gold Wing ikakosekana kwa muda, na mwaka 2011 uundaji ukaanza tena Kumamoto, katika kisiwa cha Kyushu. Miaka 30 ugenini, kisha kurudi. Sisi ambao wazee wetu waliondoka Oman wakakaa Unguja vizazi viwili au vitatu, kisha baadhi yetu tukaja huku baada ya 1970, tunajua kwamba anayerudi hupokelewa kwa furaha na pia kwa maswali. Mbona unakula hivi? Mbona unasema hivi? Gold Wing iliyorudi Kumamoto iliulizwa maswali ya namna hiyo, na majibu yalionekana Tokyo mwezi Oktoba 2017, umbo jipya lilipofunuliwa.

Ilikuwa imekonda. Uzito ulipungua kwa takriban kilo 40, na aina kubwa yenye gia za kubadilisha kwa mguu ikasimama kwenye kilo 379 hivi, ilhali iliyotangulia ilizidi kilo 400. Injini ya silinda sita, ujazo wa sentimita 1,833, ilifupishwa na kusogezwa mbele ili mpandaji naye asogee. Uma wa mbele wa zamani, ambao kila mshtuko wa shimo ulipita humohumo panapopita usukani, uliondolewa. Mahali pake pakawekwa mikono miwili iliyolala, kama ya gari, inayobeba mshtuko peke yake, na usukani ukapewa viungo vyake mbali. Anayetaka asishughulike na klachi anaweza kuchukua gia saba zinazojibadilisha, pamoja na mwendo wa kutambaa mbele au nyuma kwa kugusa kitufe. Nguvu ni takriban farasi 125.

Lakini kukonda kuna gharama. Tangi la GL1800 ya kwanza lilichukua lita 25. Hili linachukua 21. Masanduku yaliyokuwa yakibeba karibu lita 150 kwa jumla yakapungua hadi lita 110. Kinga ya upepo ikawa nyembamba. Honda ilitaka wapandaji vijana, na ilisema hivyo waziwazi. Inaelekea iliamini kwamba kijana husafiri na begi moja.

Kutoka hapa Maskati hadi Salalah ni takriban kilomita 1,000, sehemu kubwa ikiwa jangwa tambarare ambapo mtu hutazama kituo cha mafuta kwa heshima. Mwaka 1970 nchi hii nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za lami. Waliofika kutoka Unguja katika miaka ile, wakati GL1000 inachorwa, walikuta njia za mawe na vumbi. Leo watoto wao wanabishana juu ya lita nne za tangi. Mimi nazihesabu lita hizo. Anayesafiri na mkewe kwenda kuona mvua ya kiangazi Dhofar ana haki ya kuuliza kwa nini nafasi ya mzigo wa mke imepungua ili mume apinde kona vizuri zaidi. Ni kweli mke huyo, ambaye ndiye pekee aliyekaa nyuma ya zote mbili, hakuwahi kuulizwa barazani.

Hukumu yangu, kwa kuwa niliombwa kuitoa, ni hii. Kijana ana haki katika suala la nasaba: mtu akiweka GL1000 na Gold Wing ya 2018 bega kwa bega, atamwona mjukuu aliyefanana na babu kuliko alivyofanana na baba yake, kwa wepesi wa nia na kwa kutoona haya kuonyesha kiungo cha chuma. Lakini baba ana haki katika suala la historia. GL1500 si upotovu wa Kimarekani uliosafishwa baadaye. Ni jibu la maelfu ya watu waliosema wanachohitaji, na bila wao GL1000 ingesahaulika kama pikipiki nyingine nyingi za kasi za mwaka 1975 ambazo majina yake siku hizi yanatajwa na wakusanyaji tu. Wageni ndio waliompa mtoto huyu kazi.

Na kwa suala la magoti ya mtoto wa ami yangu, nimemwambia faraghani kwamba kilo 40 si hoja ya nasaba wala ya heshima. Ni kilo 40. Hajanijibu.

Wazee, kwa bahati nzuri, wana sauti hata Kumamoto. Kwa aina ya mwaka 2021 Honda ililipanua sanduku la nyuma kutoka lita 50 hadi 61, na egemeo la abiria likalazwa nyuma zaidi. Kofia mbili kubwa za kufunika uso mzima sasa zinaingia humo bila kusukumwa.