Mswada Chini ya Mto wa Kulalia



Juma hili tunapenda kutafakari jambo wanalolijua vema watunzi wetu wa nyimbo za kwaya na wa michezo ya kuigiza, yaani kumkabidhi mwenzako kazi ambayo haijakamilika na kumwomba aseme ukweli. Mara nyingi anayeomba hutafuta sifa, naye anayeombwa hutafuta amani. Hivyo kazi hurudi kama ilivyokwenda. Haikuwa hivyo kati ya waandishi wawili Wakatoliki wa Marekani, Flannery O'Connor na Caroline Gordon.

O'Connor alizaliwa mwaka 1925 huko Savannah, Georgia, mahali ambapo Wakatoliki walikuwa wachache. Akiwa masomoni Iowa alianza riwaya yake ya kwanza, Wise Blood, inayomhusu kijana anayehubiri kanisa lisilo na Kristo, huku yeye mwenyewe akishindwa kumkimbia Kristo huyo. Mwaka 1949 John Selby, mhariri wa kampuni ya Rinehart, alimtaka afanye marekebisho ambayo, kwa maoni ya binti huyo, yangeifanya riwaya ifanane na nyingine zote. Alijibu kwamba yu tayari kukosolewa, ila ndani ya mipaka ya kile alichokuwa anajaribu kukiandika. Alikuwa na miaka 23 tu! Wapo watakaokiita kiburi. Sisi hatuoni hivyo, kwa sababu ya yaliyofuata.

Mwishoni mwa mwaka 1950 alishikwa na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Ugonjwa huohuo ulikuwa umemuua baba yake mwaka 1941. Akarudi Georgia kuishi na mama yake. Mwaka 1951 rafiki yake, mshairi Robert Fitzgerald, alimfikishia Caroline Gordon mswada wa riwaya ile. Gordon, aliyezaliwa mwaka 1895, alikuwa mwandishi mzoefu wa riwaya, na alikuwa ameingia Kanisa Katoliki mwaka 1947.

Mama huyu hakushangazwa na mhubiri yule wa ajabu. Alikwisha kutambua kitabu kinaelekea wapi. Akauliza tu mahali gani kinajikwaa njiani. Mwezi Novemba mwaka huo aliandika barua ndefu ya kurasa kadhaa. Alieleza kwamba wahusika wanatembea pasipo mandhari ya kutosha kuwazunguka, na kwamba sauti ya msimulizi isiteleze ikawa lugha ya mitaani ya wahusika wake. Kila neno lilikuwa na mahali pake katika mswada. Hapakuwa na yale maneno yetu ya "ni nzuri, ila ongeza bidii". O'Connor alishukuru, akaketi tena kurekebisha. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1952 imo aya juu ya anga la usiku lililotanda juu ya mji, ambalo hakuna mtu analolijali.

Tangu hapo hadithi nyingi za O'Connor zilipitia mikononi mwa Gordon kabla ya kuchapwa. Mwalimu huyo alikuwa mkali, na pengine alizipenda kanuni kupita kiasi.

Mwaka 1964 hali ya O'Connor ilikuwa mbaya. Gordon alimtembelea hospitalini, na baadaye alisimulia jinsi mgonjwa, aliyekatazwa na daktari kufanya kazi, alivyotabasamu na kuchomoa daftari kutoka chini ya mto wake. Alikuwa anajitahidi kumaliza hadithi. Katika miezi hiyo ya mwisho aliandika Parker's Back, kisa cha mtu aliyechorwa uso wa Kristo mgongoni, na mkewe akampiga kwa ufagio akidai ni sanamu. Akampelekea Gordon kama kawaida. Ushauri ulikuja, tena mwingi: apanue mwanzo, apanue na mwisho. Safari hii O'Connor alimwandikia rafiki mwingine kwamba sehemu kubwa ya ushauri huo ataiacha. Kuweza tu kuiandika hadithi hiyo kulikuwa kumemtosha.

Alifariki tarehe 3 Agosti 1964, akiwa na miaka 39. Hadithi hiyo ilitoka mwaka 1965 katika kitabu chake cha mwisho cha hadithi fupi.