Mgomba wa Kibanja na Mgomba wa Chupa

Ndizi tunazokula hazina mbegu za kupanda. Karibu kila mgomba ulioko Bukoba, Marangu au Mbarara ni chipukizi lililochimbwa ubavuni mwa mgomba mwingine, nao huo ulichimbwa ubavuni mwa mwingine, hivyo hivyo kwa karne nyingi. Anayetaka kuhifadhi mtama hukausha punje na kuzifungia. Hata ghala kubwa la mbegu la Svalbard, Norwe, hufanya hivyo. Mgomba wa chakula haukubali. Ni lazima uwe hai ndipo utunzwe, na kuna mila mbili kubwa za kuutunza ukiwa hai. Moja ni ya kibanja cha Wahaya na kihamba cha Wachagga, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Nyingine ni ya maabara ya Leuven, Ubelgiji, iliyoanza kukusanya migomba ya dunia mwaka 1985.

Kibanja hakikupangwa kwa nia ya kuhifadhi. Kilipangwa kwa ajili ya kula, kunywa, kuposa na kuzika. Entoke ya kupika hustawi karibu na nyumba, inakofika samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwa rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya kibanja. Kuna embire ya kukamulia rubisi, pombe ya ndizi, kuna gonja ya kuchoma, na chini ya kivuli cha migomba kuna mibuni na maharage. Kilimanjaro mambo ni hayo hayo kwa majina mengine: mshare kwa mtori wa mama aliyejifungua, na ndizi mbivu za kupikia pombe ya mbege pamoja na ulezi. Kila aina inaishi kwa sababu ina kazi. Kazi hiyo ikikoma, mgomba unang'olewa kimya kimya kupisha mwingine, na hakuna anayehesabu hasara. Kijana anayependa bia ya dukani hana ugomvi na embire. Ameacha tu kuihitaji, na hiyo inatosha kuimaliza.

Leuven mgomba hauna kazi. Una namba. Zaidi ya aina 1,500 zimo katika chupa, yaani neli za kioo, kila mche ukiwa mdogo, umesimama juu ya lishe iliyoganda, katika nyuzijoto 16 na mwanga hafifu ili usikue haraka. Takriban mara moja kwa mwaka mtaalamu huukata na kuuhamishia neli mpya. Kwa kuwa mmea unaokatwa-katwa hivyo unaweza kubadilika tabia, aina nyingi zimewekewa akiba ya pili: kiini cha ukuaji, kidogo sana, ndani ya naitrojeni ya kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Huko mgomba haukui wala hauzeeki. Mwaka 1994 mkusanyo huo uliwekwa chini ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kwa manufaa ya wote, na miche iliyosafishwa magonjwa imetumwa katika nchi zaidi ya 100.

Mila hizi mbili hutofautiana zaidi katika namna ya kutazama. Mwaka 1998 mtafiti Deborah Karamura aliainisha aina 84 za ndizi za nyanda za juu nchini Uganda, akazigawa katika makundi matano: Mbidde, Musakala, Nakabululu, Nakitembe na Nfuuka. Wakulima walikuwa wamezitofautisha zamani, kwa rangi ya mgomba, namna mkungu unavyoning'inia, unene wa vidole, na ulaini wa chakula kikiiva. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ndizi hizi zote zinakaribiana mno, kana kwamba zimetoka kwa mgomba mmoja. Mkulima anaona themanini na nne. Maabara inaona karibu mmoja.

Nionavyo mimi, wote wawili wanaona kweli, na kila mmoja anamhitaji mwenzake kwa kile asichokiona. Maabara ikisikiliza vinasaba peke yake, itachagua migomba michache kuiwakilisha yote na kuiacha mingine kuwa ni marudio. Hapo itapoteza kazi ya macho na mikono ya vizazi. Kibanja nacho kikihesabu majina tu, kitadhani kina kinga ya wingi, kumbe majina themanini yana udhaifu mmoja.

Udhaifu huo ulifichuka. Mnyauko wa bakteria uliripotiwa Uganda mwaka 2001 na mkoani Kagera, Tanzania, mwaka 2006, ukaua entoke na embire bila kubagua. Wadudu waliueneza kupitia ua dume, lakini uliletwa pia na panga lililotoka shamba moja kwenda jingine, na chipukizi la zawadi. Wakulima walishauriwa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, kuchoma panga motoni, na kutopokea chipukizi wasilojua lilikotoka. Ushauri ni sahihi, na ni mchungu, kwa sababu ukarimu ule ule uliosambaza aina za migomba ndio uliosambaza ugonjwa. Hapa chupa inashinda waziwazi: inatoa mgomba safi.

Kagera iliwahi kuuonja ushindi huo mapema. Kati ya mwaka 1997 na 2002, mradi uliofadhiliwa na Ubelgiji ulisambaza mamilioni ya machipukizi ya aina zilizotoka Leuven: FHIA-17 na FHIA-23 za Honduras, na Yangambi Km5 yenye asili ya Kongo. Zilileta mikungu mikubwa pale fukusi na sigatoka nyeusi zilipokuwa zimechosha migomba ya zamani. Lakini chunguni wengi waliona haziifikii entoke. Kibanja hakikuzifukuza, kilizipa kazi nyingine, za kuivisha, kukamua na kuuza.

Na maabara imetufundisha jambo ambalo kihamba kisingelijua. Jamii za Mchare (ndio mshare wa Kilimanjaro) na Mlali, ndizi za Afrika Mashariki na visiwa vyake, ni ndugu wa karibu wa Cavendish na Gros Michel, zile zilizojaza maduka ya dunia. Gros Michel iliangushwa na ugonjwa wa Panama katikati ya karne iliyopita, na Cavendish sasa inawindwa na aina mpya ya ugonjwa huo, iliyothibitishwa Msumbiji mwaka 2013. Wanaotafuta ndizi mpya ya biashara watalazimika kurudi kwa ndugu hawa.

Kwa hiyo deni kwa waliotunza migomba hii lipo, na halilipwi kwa chupa peke yake. Watafiti wa vituo vya Maruku (Kagera), Mbarara na Leuven waandike kando ya kila namba mgomba ule unapikwaje, unakamuliwa na nani, na hupelekwa kwenye sherehe gani, wakiwauliza kwanza akina mama wanaoupika. Serikali zetu nazo zigharimie mashamba ya kutunzia migomba hapa nyumbani, na miche safi ya entoke na mshare imfikie mkulima kwa bei anayoimudu.