Kutu nyepesi ya mashine za karakana

Kutu nyepesi ni utando wa hudhurungi unaotanda juu ya chuma kisichopakwa rangi, hasa meza za misumeno na mashine za randa, kabla haujachimba vishimo. Hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni. Chumvi ya hewa ya pwani, kama ya Mombasa au Zanzibar, huichochea zaidi. Hata alama ya kiganja chenye jasho hutosha. Vumbi la mbao lililoachwa mezani usiku kucha ni baya kuliko mafundi wengi wanavyodhani, kwa kuwa hufyonza unyevu na kuushikilia juu ya chuma.

Baada ya mashine kuchomolewa umeme, uso husuguliwa kwa msasa laini, namba 400 hivi, uliotiwa mafuta mepesi, kisha hufutwa mpaka kitambaa kitoke safi. Siki pia huondoa kutu, ila chuma kisiposuuzwa na kukaushwa upesi, kutu hurudi.

Kinga bora ya meza ni nta inayopakwa mara kwa mara. Oili hutia mbao madoa. Nta yenye silikoni iepukwe: huhamia kwenye ubao, na vanishi hukataa kushika.