Wageni wa Kujitolea Vijijini Tanzania Tangu Uhuru

Historia ya wageni wa kujitolea katika vijiji vya Tanzania, yaani vijana na wataalamu wa nchi za nje wanaoishi na wanakijiji kwa muda maalumu na kupewa posho ya kujikimu badala ya mshahara, ilianza sambamba na Uhuru. Uingereza ilikuwa imepata shirika la kujitolea la VSO mwaka 1958, na Rais John F. Kennedy wa Marekani aliunda shirika la namna hiyo, Peace Corps, kwa amri ya tarehe 1 Machi 1961. Kabla bendera ya Tanganyika haijapandishwa tarehe 9 Desemba mwaka huo, kundi la kwanza la Wamarekani, likiwa na wapimaji wa ardhi, wahandisi na wanajiolojia, lilikuwa limekwisha kuwasili kusaidia ujenzi wa barabara za kutolea mazao mashambani. Baada yao walifuata walimu, wakunga na mabwana shamba kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo Denmark na Japani.

Wageni hao hawakuikuta nchi isiyojua kujitolea. Upare na Usambara kulikuwa na msaragambo, yaani kazi ya pamoja iliyoitishwa kwa mbiu ili kuchimba mfereji au kutengeneza njia, na serikali ya chama cha TANU, kwa wito wake wa Uhuru na Kazi, iliigeuza desturi ya namna hiyo kuwa nguzo ya kujenga taifa, hata madarasa na zahanati nyingi zikainuka kwa nguvu za wananchi. Tofauti ilikuwa kwamba mwanakijiji alijenga darasa la mwanawe na hakuwa na tarehe ya kuondoka, ilhali mgeni alifika na mkataba ambao kwa kawaida ulikuwa wa miaka miwili.

Siku ya mgeni ilipangwa na maji, kuni na giza. Pasipo na bomba, maji yaliletwa kwa debe, na baadaye kwa dumu la plastiki la lita 20, na mgeni asiyeweza kujitwisha mzigo huo juu ya ngata alimlipa kijana wa jirani amchotee. Hapo ndipo usawa uliokusudiwa na posho ndogo ulipolegea, kwa kuwa fedha iliyohesabiwa kuwa kidogo huko alikotoka ilitosha kumfanya mwajiri kitongojini. Jioni alisahihisha madaftari kwa taa ya chemli, huku hodi zikifuatana mlangoni, kwani faragha aliyoizoea kwao ilionekana kijijini kuwa majivuno au ugonjwa. Kiswahili cha mafunzo ya wiki chache kilimwezesha kununua nyanya gulioni, lakini kujua nani wa kuamkiwa shikamoo, lini mchango wa msiba unapokewa na kwa nini mtu hushinda matangani bila kusema neno kulihitaji walimu wengine, nao walikuwa majirani, wenye nyumba na balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa TANU aliyesimamia takriban kaya kumi na kutakiwa kumjua kila anayeingia na kutoka. Kwa hiyo, kabla kijiji hakijanufaika na mgeni, kilikuwa kimekwisha kumpa makazi, ulinzi na elimu.

Uzito wa malezi hayo unaonekana wazi katika kijiji cha Litowa, Songea, kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa TANU, ambao mmoja wa viongozi wao alikuwa Ntimbanjayo Millinga. Mwingereza Ralph Ibbott alihamia huko na familia yake mwaka 1963, akawa mshauri wa chama cha maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kwa kifupi kama RDA, ambacho hatimaye kiliunganisha vijiji 17. Kazi za shamba la pamoja, mgawanyo wa mapato na mwelekeo wa shule viliamuliwa katika mikutano ya wanakijiji wenyewe, na mgeni, awe mshauri au mwanafunzi aliyekuja kujifunza, alipewa jembe na nafasi katika ratiba ambayo hakuiandika yeye. Mwalimu Julius Nyerere aliutazama mfano huo alipotoa andiko la Ujamaa Vijijini mwaka 1967, lakini tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA, kwa kuwa viongozi wengi wa chama walitaka vijiji vielekezwe kutoka juu.

Mwaka huohuo wa 1969 Peace Corps nayo iliondoka Tanzania. Vita vya Vietnam vilikuwa vimetia doa jina la Marekani, na falsafa ya Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea ilidai walimu wanaofanana na taifa lililokuwa likijengwa. Peace Corps iliporudi mwaka 1979, ilikuta vijiji vilivyopangwa upya na Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwakusanya watu vijijini, na kupewa hadhi ya kisheria mwaka 1975, vikiwa na halmashauri zao. Miaka iliyofuata wageni walifundisha sayansi na hisabati, masomo yaliyokosa walimu zaidi shule za kata zilipoongezeka kuanzia miaka ya 2000, au walifanya kazi za afya na kilimo, mpaka janga la UVIKO-19 lilipowaondoa Machi 2020. Kando yao lilikuwa limekua kundi jingine, hasa Arusha na Moshi, la wageni wanaolipia wiki chache za kujitolea na kuondoka kabla watoto wanaowahudumia hawajazoea majina ya wageni hao.

Miongo hii inathibitisha kwamba thamani ya mgeni wa kujitolea haikutokana na ukarimu wake peke yake, bali na uwezo wa kijiji kumpangia kazi, kumsahihisha na kuiendeleza kazi hiyo baada yake. Hata hivyo, vitabu na kumbukumbu nyingi za maisha hayo zimeandikwa na wageni. Wanahistoria wa Tanzania hawana budi kuwahoji wazee waliowapokea, na kuisoma mihtasari ya mikutano ya vijiji, wakati mashahidi hao bado wapo.