Shaba ya Mafundi Bomba ndani ya Kompyuta

Prosesa ya Athlon ya AMD, toleo la gigahezi 1.4 la mwaka 2001, ilitoa joto la wati 70 hivi, na waliotaka kuisukuma kupita kasi ya kiwandani waligeukia maji ili kuipoza. Huko Marekani, vifaa vyao vingi havikutoka katika maduka ya kompyuta bali kwa wauza mabomba na vyuma chakavu. Bloku, yaani kipande kinachokaa juu ya prosesa, iliundwa hivi: kifuniko cha bomba la shaba kililehemiwa juu ya bapa la shaba, kikatobolewa matundu mawili ya kupitishia maji, kisha upande wa chini ukasuguliwa kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo. Rejeta ilikuwa ile ndogo ya hita ya gari. Ya Pontiac Bonneville ya 1977 ilisakwa kama lulu. Pampu? Ya tangi la samaki.

Atakayesema IBM ilitangulia hakosei: kompyuta yake kubwa ya 3081 ya mwaka 1980 ilipozwa kwa maji. Ila mfumo ule haukuuzwa vipande vipande kwa mtu wa kawaida. Wazo lilikuwepo, bidhaa haikuwepo. Wengine hudai alumini, iliyo nyepesi na rahisi kuchonga, ingetosha. Lakini shaba hupitisha joto takriban mara 1.7 ya alumini, na zikikutana katika maji yaleyale, alumini ndiyo huliwa. Mwenye rejeta ya shaba, basi, alikuwa ameshachaguliwa metali na mafundi bomba na watengenezaji wa magari. Hata viwanda vilipoanza kuuza bloku zilizo tayari, nyingi zilibaki na kitako cha shaba.